Kinara cha Shaba: Thamani Isiyopimwa kwa Mizani

Maneno ya hotuba kwa wenyeji wa Homa Bay na Migori

Hutokea katika miji ya Homa Bay, Rongo, Awendo na Migori kwamba mtu huamka asubuhi akaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, gunia begani. Ndani ya gunia mna sufuria iliyotoboka, bomba la maji lililopasuka, na pengine chini kabisa, kimefungwa katika kitambaa, kinara cha shaba cha zamani kilichoachwa na babu aliyekuwa katekista. Mnunuzi hutundika gunia juu ya mizani, husoma kilo, hulipa, na shauri limekwisha. Baada ya siku chache kinara kile kimeyeyushwa, nacho hakitaonekana tena duniani.

Mizani ile haikusema uongo. Uzito wa shaba ulikuwa vile vile kama ulivyosomwa. Lakini mizani haina macho. Haikuweza kuona jinsi kinara kilivyotengenezwa, wala kilifanywa katika karne gani, wala ni mikono mingapi iliyokishughulikia kabla hakijafika ng'ambo hii ya Ziwa Victoria. Mambo hayo yote yameandikwa juu ya kinara chenyewe, na mtu ajuaye kuyasoma hahitaji kitabu. Nia ya hotuba hii ni kuwafundisha watu kusoma maandishi hayo, ili mwenye kinara, akiamua kukiuza au kukiweka, aamue akijua alicho nacho.

SHABA MBILI, JINA MOJA

Katika Kiswahili neno shaba hutumika kwa vitu viwili. Kuna shaba nyekundu, ambayo ni madini halisi yatokayo ardhini. Tena kuna shaba ya manjano, ambayo watu wa pwani tangu zamani huiita shaba nyeupe. Hii ya pili haichimbwi mahali popote. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na madini mengine yaitwayo zinki, yale yapakwayo juu ya mabati ya kuezekea nyumba ili yasishike kutu. Vinara vingi vya zamani vya Ulaya vilifanywa kwa shaba hii ya manjano.

Watu wa Migori wana sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Huko Macalder, katika sehemu ya Nyatike, karibu na mto Kuja, ardhi ina jiwe lenye shaba nyekundu, zinki, dhahabu na fedha pamoja. Katika miaka ya 1930 watu walichimba dhahabu mahali pale. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mgodi ulisimamiwa na Shirika la Maendeleo la Makoloni, ukachimbwa kwa ajili ya shaba hata ukafungwa mwaka 1966. Basi vitu vyote viwili vinavyofanya shaba ya manjano vililala pamoja chini ya udongo wa Nyatike. Lakini kuwa na jiwe si kuwa na kinara. Kati ya jiwe na kinara kuna ufundi, na ufundi huo uliwachukua watu wa mataifa mengi miaka mamia kuupata.

Wala isidhaniwe kwamba kazi ya madini ilikuwa ngeni katika nchi hii. Katika boma za mawe za Thimlich Ohinga, huko huko Migori, ambazo zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, kuna mahali palipofanyiwa kazi ya uhunzi. Nyaya za shaba nazo zilikuja na misafara kutoka pwani muda mrefu kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, na wahunzi wa bara wakazipinda kuwa bangili na mapambo ya shingo. Kwa hiyo wazee waliiona shaba ya manjano kwanza mikononi mwa wake zao, ndipo baadaye watoto wao wakaiona imesimama altareni ikichukua mshumaa.

SIRI YA MADINI YANAYOTOROKA

Mtu aweza kuuliza: kama shaba ya manjano ni mchanganyiko wa madini mawili, kuna shida gani? Si kuyeyusha yote mawili na kuyakoroga? Shida ni kwamba zinki ni madini yenye tabia ya kutoroka. Shaba nyekundu huyeyuka moto unapofika karibu digrii 1,085 za Selsiasi. Zinki huyeyuka kwa digrii 420 tu, na ikifika digrii 907 huchemka kama maji na kuondoka kwa mvuke. Mtu wa kale alipochoma jiwe la zinki kama achomavyo jiwe la chuma, zinki ilipaa angani, naye akabaki na majivu.

Kwa hiyo watu wa Ulaya walitengeneza shaba ya manjano kwa karne nyingi bila kuijua zinki yenyewe. Walichukua jiwe liitwalo kalamini, ambalo lina zinki ndani yake, wakalitwanga, wakalichanganya na unga wa makaa na vipande vidogo vya shaba nyekundu. Mchanganyiko huo waliutia katika vyungu vya udongo, wakavifunika na kuviacha motoni kwa muda wa saa nyingi. Mvuke wa zinki, ukiwa hauna mlango wa kutokea, uliingia ndani ya shaba na kuigeuza manjano. Mafundi waliona ajabu kwamba shaba ilitoka nzito kuliko ilivyoingia. Njia hiyo ilikuwa na mpaka wake, maana zinki iliyoingia haikuweza kuzidi sana theluthi moja ya mchanganyiko.

Huko Bara Hindi mambo yalikuwa mbele. Mafundi wa Zawar, katika nchi ya Rajasthan, walijua kuukamata mvuke wa zinki na kuupoza, wakapata zinki safi karne nyingi kabla ya Waingereza. Katika Uingereza ni William Champion wa mji wa Bristol aliyepata hati ya serikali mwaka 1738 kwa njia yake ya kufanya hivyo. Mwaka 1781 James Emerson naye akapata hati kwa kazi ya kuchanganya shaba nyekundu na zinki moja kwa moja. Tangu hapo, pole pole, njia ya kalamini ikaachwa.

SAFARI YA UFUNDI

Ufundi, kama mbegu, hupeperushwa na upepo, na pengine upepo huo ni vita. Katika nchi iitwayo sasa Ubelgiji, kando ya mto Meuse, kuna mji wa Dinant. Katika zama za kati watu wake walisifiwa sana kwa vyombo vya shaba, hata vyombo hivyo vikaitwa kwa jina la mji wao. Mwaka 1466 majeshi ya mtawala wa Burgundy yaliuharibu mji huo, na mafundi waliosalimika wakatawanyika wakienda na elimu yao katika miji mingine. Baadaye miji ya Aachen na Nuremberg katika Ujerumani ikajipatia jina kubwa.

Waingereza walikuwa nyuma wakati huo. Kwa miaka mingi walinunua shaba ya manjano kutoka kwa jirani zao. Mwaka 1702 kiwanda kikubwa kilianzishwa Bristol, na mmoja wa waanzilishi wake ni Abraham Darby, yule ambaye baadaye alijulikana kwa kumimina vyungu vya chuma katika mchanga. Katika karne ya 18 mji wa Birmingham nao ukainuka, hata ukawa mji mkuu wa kazi za shaba. Basi nchi iliyoagiza vyombo kwa majirani ikawa nchi ya kuviuza ulimwenguni. Haikupewa kazi hiyo na mtu. Iliwachukua mafundi na kuwatunza.

JINSI KINARA KILIVYOFANYWA

Kazi ya kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu huitwa kusubu. Kwanza fundi alichonga mfano wa kinara kwa mti au kwa madini. Kisha alichukua visanduku viwili visivyo na chini wala juu, akavijaza mchanga mlaini wenye udongo kidogo na unyevu kiasi, akaushindilia juu ya mfano, nusu katika sanduku hili na nusu katika lile. Alipotenganisha masanduku na kuutoa mfano, alama yake ilibaki katika mchanga kama unyayo ubakivyo matopeni. Akakata njia ya kupitishia shaba na vitundu vya kutolea hewa, akayafunga masanduku pamoja, akamimina. Mafundi wa jua kali wa Kenya wanaosubu sufuria za alumini hufuata njia iyo hiyo hata leo, na yeyote aliyewatazama ameona kwa macho yake kazi ya Bristol ya miaka 300 iliyopita.

Kinara kilipotoka mchangani kilikuwa kikavu na chenye makwaruzo. Fundi alikikaza katika mashine ya kukereza, akakizungusha, akakichonga kwa patasi ya chuma hata mapambo yake yakawa makali na ngozi yake ikang'aa. Mguu kwa kawaida ulisubiwa peke yake. Mara nyingi mkia wa shina ulipitishwa katika tundu la mguu na kugongwa kwa nyundo chini hata ukatandazika na kushika. Na vingine vilifungwa kwa kuparuliwa hesi, kama kifuniko cha chupa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mwenye kinara apaswa kulishika sana. Shaba ilikuwa ghali. Kinara kilichosubiwa kizima, bila uwazi ndani, kilikula shaba nyingi. Kuanzia mwisho wa karne ya 17 mafundi wa Uingereza walipata hila ya kuipunguza. Walilisubu shina katika nusu mbili zilizo wazi ndani, kama ganda la karanga, kisha wakaziunganisha kwa lehemu ngumu na kuzikereza hata kiungo kisionekane. Njia hiyo ilitumika karibu miaka mia moja. Mwishoni mwa karne ya 18 walianza kulisubu shina kwa mara moja, huku wakiweka kipande cha udongo katikati ya kalibu ili kuacha uwazi, na desturi ya nusu mbili ikafa.

KUSOMA KINARA

Kwa sababu hiyo, mwenye kinara akikitazama vema aweza kujua mengi.

Kwanza, atazame juu. Vinara vya kale sana vilikuwa na ncha kali ya kuchomea mshumaa, na makanisa yaliendelea kutumia namna hiyo hata baada ya nyumba za watu kuiacha. Vilivyofuata vina tundu la kutia mshumaa. Baadhi yake vina dirisha dogo ubavuni mwa tundu, la kusukumia nje kipande cha mshumaa kilichobaki. Vingine, hasa vya karne ya 19, vina kijiti ndani ya shina ambacho husukumwa kutoka chini kwa kazi hiyo hiyo.

Pili, atazame kisahani cha kuzuia matone. Katika vinara vingi vya karne ya 17 kisahani kipana kipo katikati ya shina. Baadaye kiliondoka hapo, na mguu wenyewe ukafanya kazi ya kupokea matone.

Tatu, akipumulie shina pumzi ya moto, kama mtu asafishaye miwani. Kama shina lilisubiwa katika nusu mbili, ukungu wa pumzi waweza kuonyesha mstari mwembamba ukishuka upande huu, na mwenzake upande wa pili. Mistari hiyo miwili ni ushahidi mzuri wa kazi ya Uingereza ya karne ya 18.

Nne, akipindue. Chini ya mguu wa kinara cha zamani huonekana mizunguko ya chombo cha kukerezea, nayo si sawasawa, kwa maana mkono wa mtu hauendi kama saa. Kingo ambazo zimeshikwa na kufutwa miaka mingi zimekuwa laini. Kinara kikiwa na chini yenye makwaruzo ya mchanga ambayo hayakukerezwa kamwe, na kingo kali kama za jana, basi yafaa mwenyewe apunguze matumaini. Vinara vya mtindo wa kale vimeigwa tangu karne ya 19, na hata leo vingi hutengenezwa, hasa katika mji wa Moradabad, huko India. Hivyo navyo ni kazi ya mikono yenye heshima yake, ila si vya kale.

Jambo hili la kusubu halikuwa la Ulaya peke yake. Katika jumba la makumbusho la Lamu imewekwa siwa kubwa ya shaba, iliyokuwa ikipigwa katika sherehe za watu wakubwa. Ilisubiwa kwa njia ya nta. Fundi hufinyanga nta kwanza, akaifunika kwa udongo, akaichoma hata nta ikatoka, ndipo akamimina shaba mahali ilipokuwa nta. Hivyo nta ile ile ambayo Mzungu aliiwasha juu ya kinara, Mswahili aliitumia kuizaa siwa.

MOSHI MWEUPE

Sasa yafaa kusemwa neno kwa vijana wanaoyeyusha shaba wenyewe nyuma ya nyumba ili kuuza vipande. Imekwisha elezwa kwamba zinki hutoroka kwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa huwa moshi mweupe, mzito, wenye nyuzi kama pamba. Mtu akiuvuta hahisi neno wakati ule. Baada ya saa kadhaa hushikwa na baridi, homa, kikohozi na maumivu ya viungo, na kinywa chake huwa na ladha ya madini. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili.

Katika nchi ya kando ya ziwa, ambako malaria ni jirani wa kila nyumba, mtu huyo atasema mara moja kwamba ana malaria. Atameza dawa isiyomhusu, na akipata nafuu atarudi kwenye moshi ule ule. Kwa hiyo fundi akishikwa na homa siku aliyoyeyusha shaba, apimwe damu kwanza, tena amweleze daktari au muuguzi kazi aliyoifanya.

Liko na la hatari zaidi. Shaba nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi kidogo ili ziende vizuri katika kalibu. Risasi haiondoki mwilini upesi, na hudhuru akili ya mtoto mdogo. Basi kazi ya kuyeyusha shaba haifai kufanywa uani wanapocheza watoto, wala karibu na jiko la chakula. Tena tone moja la maji likifunikwa na shaba iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafula na kuirusha shaba usoni mwa fundi.

SHERIA NA MIPAKA YAKE

Biashara ya vyuma chakavu katika Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015. Mwezi wa Januari 2022 serikali iliisimamisha kabisa, kwa sababu watu waliiba nyaya na vyuma vya umeme na reli, kisha ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Mwenye kuuza kinara cha urithi kwa haki asione vibaya akiulizwa amekipata wapi. Swali hilo humlinda yeye na kulilinda kanisa la jirani yake.

Kuhusu vitu vya kale, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichofanywa katika Kenya, au kilicholetwa katika Kenya, kabla ya mwaka 1895. Wasikilizaji wapime mwaka huo. Misheni za Nyanza ya Kusini, kama Gendia ya Waadventista iliyoanzishwa mwaka 1906, na Asumbi ya Wakatoliki iliyofuata, zote ni za baada yake. Basi kinara kilichofanywa Bristol mwaka 1750, kikaletwa na padre kwa meli ya ziwa baada ya 1900, chaweza kuwa na umri wa miaka zaidi ya 250 na bado kisihesabiwe na kifungu hicho. Mlinzi wake wa kwanza ni mwenyewe aliye nacho.

MASHAURI KWA MWENYE KINARA

Asikisugue kwa mchanga, majivu, ndimu wala siki. Kila msuguo huondoa ngozi ya shaba, na pamoja nayo huondoa alama za fundi. Kitambaa laini kikavu kinatosha kwa siku nyingi.

Nta iliyoganda isikwanguliwe kwa kisu. Kitiwe katika maji ya vuguvugu hata nta ilainike, kisha kifutwe na kukaushwa vema.

Mguu ukilegea, kisipelekwe kulehemiwa upesi. Kulegea si ugonjwa wa kukiua, lakini lehemu mpya yaweza kufuta ushahidi wa zamani.

Aandike katika karatasi kinara kilitoka kwa nani, kilikuwa katika nyumba au kanisa gani, na kilifika lini kwa kadiri ajuavyo. Wazee walio hai waulizwe leo. Kinara chenye habari zake kina thamani kuliko mwenzake aliye bubu.

Mwisho, kabla ya kukiuza, kionyeshwe kwa mtu ajuaye. Jumba la Makumbusho la Kisumu si mbali na watu wa Homa Bay na Migori, na kuuliza si kuuza.

Mabibi na Mabwana, ng'ambo ya mpaka tu, huko Tabaka katika nchi ya Kisii, mafundi huchonga jiwe laini la sabuni, na kazi yao hununuliwa hata ng'ambo ya bahari. Hakuna mnunuzi awaulizaye bei ya jiwe kwa kilo. Hulipa kwa ajili ya mkono uliolichonga. Haki hiyo inayopewa jiwe la Tabaka na ipewe pia shaba iliyomo ndani ya kitambaa, chini ya gunia. Kinara kikiisha kuyeyushwa, mwenyewe atapata kilo zake zote bila kupunjwa hata kidogo, na hasara yake haitaonekana juu ya mizani.